Kapasita kubwa au saketi ya kukuza besi?

Amplifaya kuukuu hapa Unguja zina ugonjwa wao: taarabu inalia, ganuni na fidla unazisikia, besi haipo. Dawa ni mbili.

Ya kwanza, badilisha kapasita (kile kikopo kidogo cha kuhifadhi chaji) inayopeleka sauti kwenye spika (kama yako inayo; nyingine hazina). Yangu ilikuwa ya maikrofaradi 470, imevimba kichwa, miguu imeota ukungu wa kijani. Mambo ya hewa ya chumvi. Kwa spika ya omu 4, hata ikiwa nzima, huanza kudhoofisha sauti za chini ya hezi 85 hivi. Nikachomelea ya 2200, mpaka ukashuka hadi hezi 18. Usigeuze chanya na hasi, na volti zake zisipungue za ile ya mwanzo.

Ya pili ni saketi ya kukuza besi. Vijana wanaipenda, inatingisha papo hapo. Lakini kila desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) unazoongeza zinadai nguvu maradufu. Desibeli 10, mara kumi. Amplifaya ya wati 20 itazitoa wapi? Sauti inapasuka, koni ya spika inagonga.

Mimi huanza na kapasita. Saketi namfungia mwenye wati za akiba. Mwenye spika za inchi 4, hapana.