Mitambo ya ukalimani ya kukodi Arusha: sauti safi, betri za mashaka

Wakalimani wenzangu wananiuliza kama ile mitambo tuliyokodi mwezi wa saba kule Njiro inafaa. Inafaa, ila usitoke nyumbani bila betri zako. Jina la kampuni nitamnong'oneza atakayenipigia. Mwenye mali ameshaniomba radhi na kurudisha sehemu ya pesa, sina sababu ya kumwanika.

Tulichukua vipokezi 40, vile vya kusikilizia tafsiri sikioni, kwa shilingi 8,000 kimoja kwa siku, vibanda viwili vya mezani na fundi mmoja. Kwa mji wa mikutano kama wetu, bei hiyo si ya kulalamikia. Mgeni alikuwa mwanasheria kutoka Australia, na wasikilizaji wazee wa Kimaasai wa Longido na Monduli, akina mama kwa akina baba. Mada: kazi ya waziri wa serikali ya jimbo anayeshughulikia mambo ya wenyeji asilia. Mimi na mwenzangu tulitoa Kiingereza kwenda Kiswahili, na kaka wa kibanda cha pili akachukua Kiswahili chetu kukipeleka Kimaasai. Nikiteleza mimi, naye anateleza.

Sauti niipe haki yake. Nilimsikia mgeni akimeza maji. Hakuna mkwaruzo, hakuna redio ya mtu kuingilia, na kitufe cha kukohoa kinakata sauti papo hapo bila ule mlio wa "tak" unaowashtua watu ukumbini. Kitufe hicho kiliniokoa dakika ya tano tu, maana nilishatamka "waziri wa jimbo" nikaona nyuso zimekunjamana. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Waziri wa jimbo ndiyo mbunge?" Nikabonyeza, nikamgeukia mwenzangu. Kwetu jimbo ni la uchaguzi, au la askofu. Tukakubaliana: "mkoa mkubwa wenye bunge lake na mawaziri wake." Australia ina sita ya namna hiyo, na hadi kura ya maoni ya 1967 bunge la taifa lilikuwa limezuiwa kutunga sheria maalumu kwa ajili ya Waaborijini, ndio wenyeji asilia wa huko, waliomo ndani ya majimbo. Ndiyo maana mambo yao mengi yakaota mizizi mezani kwa waziri wa jimbo.

"Wenyeji asilia" nalo lilinisumbua. Kila aliyekuwa ukumbini ni mwenyeji, hata muuza karanga wa mlangoni. Nikaliacha hivyo hivyo, nikaongeza "waliokuwepo kabla ya Wazungu." Kwa Australia linatosha.

Sasa masikio. Vipokezi hivi vina ndoana ya plastiki ya kuning'inia juu ya sikio. Aliyevinunua hakuwahi kufikiria mteja wa Longido. Mzee akishaikunja ndewe yake, ile ncha ya sikio iliyovutwa ndefu, na kuitundika juu ya sikio, ndoana ikae wapi? Shanga za akina mama nazo zilinasa waya. Chalii wa fundi alihangaika, mwisho akafunga vipokezi sita kwa mpira wa hela kwenye mikunjo ya shuka, karibu na shingo, sauti juu kabisa. Ilifanya kazi. Kampuni inunue aina ya mshipi wa kichwani.

Kasoro kubwa ilikuja saa tano. Mgeni alikuwa amefika Australia Magharibi, kwenye sheria ya urithi ya 1972, kifungu cha 18. Kwa kifungu hicho mwenye ardhi, na mwenye leseni ya madini anahesabiwa humo, anamwomba waziri ruhusa ya kuharibu eneo la kale la wenyeji. Mwaka 2013 ruhusa ilitolewa kwa mapango ya Juukan Gorge. Mwaka uliofuata wachimbaji wa mambo ya kale wakakuta mle vitu vya thamani kubwa, na dalili za watu kuishi hapo miaka 46,000 nyuma. Lakini karatasi ilishasainiwa, na sheria haikuwa na mlango wa kurudi. Tarehe 24 Mei 2020 kampuni ya madini ya Rio Tinto ikalipua.

Nikaanza: "Mwenye leseni akinyimwa aliweza kukata rufaa, lakini wenye pango..." Sauti ikakatika. Vipokezi kama kumi na mbili, kimoja baada ya kingine, taa nyekundu, kimya. Betri zilikuwa za kuchaji, zimezeeka, na hakukuwa na akiba. Chalii akakimbia dukani kwa bodaboda. Dakika kumi na tisa tulikaa tukitazamana. Nilipomalizia sentensi, kwamba wenye pango hawakuwa na rufaa yoyote, mama mmoja alisema wala hakuhitaji betri kuijua.

Mchana betri mpya zilivuta hadi mwisho. Tukasikia kuwa waziri wa siku ya mlipuko, Ben Wyatt, naye ni Mwaborijini, na ndiye aliyekuwa pia na hazina ya jimbo. Ruhusa haikuwa yake, ilitoka kwa mtangulizi. Hata hivyo mzee wa ndewe akaomba maiki: "Kwa hiyo anayehesabu hela ya madini na anayelinda makaburi ni mtu mmoja? Usiku anaongea na nani?" Nilimtafsiria mgeni neno kwa neno. Alicheka, kisha akaandika.

Jibu lake lilikuwa la tarehe tu. Sheria mpya ya urithi ilianza 1 Julai 2023, Agosti ya mwaka huo huo serikali ikatangaza kuifuta, ile ya 1972 ikarudishwa na viraka. Safari hii wenyeji nao wamepewa njia ya kupinga uamuzi wa waziri.

Wakati wa kukusanya tukahesabu vipokezi 39. Faini ya kimoja kilichopotea ni shilingi 120,000, nikaanza kuzipiga hesabu za mwezi. Jumanne cha arobaini kikaletwa na kondakta wa Noah ya Longido, kimefungwa kwenye mfuko wa sukari, mpira wa hela bado uko juu yake. Kampuni haikunitoza hata senti.