Uzoefu wangu na konekta za faiba za kufunga kwa mkono: kichwa cha kijani na wenzake

Kazi yangu ni kufunga faiba, yaani kebo za kioo zinazopeleka intaneti kwa mwanga, majumbani na maofisini hapa Dar es Salaam, na konekta (kichwa cha kuunganishia kebo) ninayoishika kuliko zote ni ya aina ya SC, ile ya kijani, ya kufunga kwa mkono, isiyohitaji mashine ya kuchomelea nyuzi. Mafundi wenzangu wengi wanaiponda, eti ni ya bei rahisi na haidumu. Sikubaliani nao, ingawa nina masharti yangu.

Ndani yake tayari kuna kipande kifupi cha unyuzi kilichosuguliwa kiwandani, pamoja na jeli inayopitisha mwanga. Wewe unamenya kebo bapa, unavua ganda la unyuzi mpaka kibaki kioo cha mikroni 125, unakifuta kwa spiriti, unakikata kwa kliva (kifaa cha kukatia unyuzi), halafu unakisukuma ndani taratibu. Hapo usiwe na haraka. Unyuzi ukigusana na kile kipande cha ndani, utauona unabinuka kidogo nyuma ya konekta. Usipouona umebinuka, usibane kabari (kibano cha ndani kinachoushika unyuzi). Toa, kata upya.

Ikifungwa vizuri inapoteza mwanga kama desibeli (kipimo cha upotevu) 0.3 hadi 0.5. Splaisi nzuri ya mashine, yaani kiungo cha kuchomelea, haifikishi hata 0.1, kwa hiyo kwa namba tupu mashine inashinda. Lakini kifaa cha mteja kwenye mtandao wa GPON (faiba moja inayogawiwa wateja wengi) wa daraja B+ kinavumilia mpaka -27 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga ambacho kadiri kinavyoshuka chini ya sifuri ndivyo mwanga unavyokuwa hafifu. Mteja anayepokea -20, kupoteza nusu desibeli hakumpunguzii chochote. Kinachomtesa ni vumbi kwenye kichwa cha konekta, na kebo iliyokunjwa nyuma ya kabati. Njia ya mwanga kwenye faiba hizi ina upana wa mikroni 9 hivi, basi chembe moja ya vumbi usiyoiona kwa macho inatosha kuiziba. Mimi sichomeki konekta yoyote kabla ya kuisafisha, hata ikiwa imetoka kwenye pakiti sasa hivi.

Rangi nayo ina maana yake. Kijani ni APC: uso wake umesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8, ili mwanga unaodunda usirudi moja kwa moja kwenye leza. Bluu ni UPC, uso wake hauna mshazari. Balaa ni kwamba zote mbili zinaingia kwenye adapta (tundu la kuunganishia konekta mbili) moja bila kugoma. Niliitwa kwenye ofisi moja ambako intaneti ilikuwa inakata kila mara, wameshabadilishiwa rauta na hali ni ileile. Kufungua kisanduku cha ukutani, nikakuta waya wa bluu umechomekwa kwenye kijani. Nyuso mbili hazikukaliana, katikati pamebaki hewa. Pawa mita, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga, ilisoma -28. Nilipoweka kijani kwa kijani ikapanda hadi -22, na rauta ikatulia.

Zipo na konekta za aina nyingine. LC ni ndogo, ncha yake ni milimita 1.25 wakati ya SC ni 2.5, na makazi yake ni chumba cha seva, kwenye swichi na moduli za SFP (vipande vinavyochomekwa kwenye swichi ili ipokee faiba). Hiyo sifungi kwa mkono hata kidogo. Nanunua waya uliotengenezwa kiwandani. ST ya kuzungusha utaikuta kwenye majengo yenye mitambo ya zamani. FC ina nyuzi za skrubu, haichomoki kwa mtikisiko, ndiyo maana bado ipo kwenye vifaa vya kupimia. MPO inabeba nyuzi 12 au zaidi kwa kichwa kimoja; hiyo ni ya vituo vya data.

Sasa masharti. Konekta ya mkono naifunga ndani ya nyumba tu. Kwenye kisanduku cha nje kinachopigwa na jua la Dar mchana kutwa nachomelea, kwa sababu zile za mkono nilizozikuta huko zilikuwa zimelegea kabari na mwanga umeshuka. Wauzaji wa Kariakoo watakwambia inafunguliwa na kufungwa tena mara nyingi. Inafungika, lakini jeli inazidi kubeba uchafu, kwa hiyo mimi naweka mpya. Isiyo na kifuniko cha ncha usiinunue. Wala usichungulie ncha ya kebo inayopitisha mwanga, maana mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuumiza macho.

Na kama bajeti ni ndogo, banie kwenye konekta, usibanie kwenye kliva. Kliva butu inakata unyuzi ukiwa na ncha iliyomeguka, na hapo hata konekta ya bei ghali haikusaidii.