Mafunjo-mwavuli kwenye chungu kisicho na tundu: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa sababu ya lebo iliyokuja na mmea. Mmea wenyewe sina neno nao.

Niliununua kitaluni ukiwa na mashina machache kwenye kopo jeusi la plastiki. Jina lake la kitaalamu ni Cyperus involucratus, ingawa wauzaji wengi bado wanauuza kama Cyperus alternifolius, ambao ni ndugu yake wa karibu kutoka Madagaska. Kwa sisi wa vyunguni haina shida, maana matunzo ni yale yale. Uko kundi moja na mafunjo marefu ambayo Wamisri wa kale waliyatengenezea karatasi, na pia na ndago, lile gugu linalowatoa jasho wakulima. Ukishajua jamaa zake ni akina nani, tabia zake hazikushangazi.

Sasa hiyo lebo. Iliagiza nimwagilie kwa kiasi na kuacha udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Ni maelekezo ya kawaida ya maua ya sebuleni, bila shaka yamebandikwa kwenye kila kopo pale kitaluni. Huu ni mmea wa kinamasi! Ukiuacha ukauke, ncha zinageuka kahawia kwanza, kisha shina zima linafifia na kulala. Lebo niliitupa, mche nikauhamishia kwenye chungu kipana kisicho na tundu chini, udongo mzito wenye mfinyanzi, na tabaka la kokoto juu ili udongo usielee maji yakimiminwa. Udongo mwepesi wa kununua, ule wenye mboji nyingi, haufai hapa. Unaelea, unachafua maji, na baada ya muda unanuka.

Maji yanaweza kusimama sentimita chache juu ya udongo na mmea usijali. Mimi siku hizi nauacha udongo chepechepe tu, bila maji ya kuonekana juu, na sababu ni mbu. Penye joto, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi, kwa hiyo anayependa kuona maji yaking'aa chunguni ayamwage na kuyabadilisha kila wiki bila kuruka, au aweke samaki wadogo ikiwa chombo ni kikubwa. Muuzaji hakugusia jambo hili hata kidogo, na kwangu ndilo la kwanza la kumwambia mnunuzi.

Kuhusu sura, umenikosha. Mashina yanasimama wima, membamba, na juu ya kila moja kuna duara la vipande vya kijani vilivyotandazwa kama mbavu za mwavuli. Majani halisi yamebaki maganda tu ya kahawia chini ya shina. Ndiyo maana kupunguza kichwa kwa mkasi hakusaidii: shina lililokatwa juu halichipui tena hapo. Likichakaa, likate chini kabisa, jipya litatoka kwenye mizizi. Kwangu yamefika urefu wa kiuno, na yakipata mahali pazuri hufikia mita moja na nusu. Jua la kutosha linayafanya yawe imara. Kivulini yanaishi, ila yanarefuka na kuegemea upande wa mwanga, kwa hiyo geuzageuza chungu. Baridi kali ndiyo adui. Panapoganda barafu, mashina hufa, na njia salama ni kuuingiza ndani mapema.

Kilichonifanya niache kununua miche mingine ni namna unavyozaliana. Chagua kichwa kilichokomaa lakini bado kijani, ukikate na kipande kifupi cha shina, punguza zile mbavu hadi nusu, kisha kielekeze chini ndani ya bakuli la maji, shina likitazama juu. Ndiyo, kichwa chini. Baada ya wiki kadhaa utaona vichipukizi na vizizi vyeupe vikitoka katikati, pale mbavu zinapokutana. Porini hufanya hivyo wenyewe, shina likilala na kichwa kikagusa maji. Nimegawia majirani hadi wameanza kunikwepa.

Wepesi huo huo una upande wake mbaya. Hawaii na sehemu za Australia mmea huu umetoroka bustanini na kuvamia kingo za vijito. Mabaki ya kupogoa usiyatupe kwenye mtaro wala kijito, na usiupande moja kwa moja ukingoni mwa bwawa linalotoa maji nje. Uache chunguni, basi.

Mbolea nauwekea kidogo sana, ile inayoyeyuka polepole, na naizika ndani ya udongo. Ukiimwaga majini unalisha mwani. Wadudu sijapata wa kunisumbua. Kwa wenye paka, jueni kwamba watatafuna mbavu. Mmea hauna sumu kwao, lakini urembo ndio unaopata hasara.

Mwenye nafasi finyu atazame Cyperus prolifer, yale mafunjo madogo yenye vichwa vya nyuzi laini, ambayo kwa kawaida hayavuki mita moja. Mafunjo yenyewe ya Misri yanaweza kupita mita nne na upepo huyavunja. Siyashauri kwa chungu cha kibarazani.

Na ukinunua, chungu kiwe kipana kuliko unavyodhani. Mizizi yake ikijaa hutanua plastiki nyembamba hadi ikapasuka, na kuung'oa ili uugawe kunahitaji kisu kirefu chenye meno, au msumeno kabisa.