Gari jipya, giaboksi ya klachi mbili na mlima wa Kitonga: uzoefu wangu

Nilikabidhiwa gari hili likiwa na kilomita 11 kwenye dashibodi, viti bado vimefunikwa nailoni. Hapa Mbeya wengi wetu tunaagiza magari yaliyokwisha kutumika Japani, na mimi mwenyewe nimeendesha mawili ya namna hiyo kwa miaka tisa. Safari hii nilitaka jipya kabisa, lenye waranti, nipumzike na gereji. Nina duka la pembejeo Uyole. Wiki haipiti sijapeleka mzigo Tukuyu, na kila baada ya miezi miwili nampeleka mama yangu kliniki Dar es Salaam. Gari kwangu ni kazi, na ni miguu ya mama.

Sitataja chapa ya gari wala kampuni iliyoniuzia. Giaboksi ya klachi mbili, kama iliyomo kwenye gari hili, imefungwa kwenye magari ya chapa nyingi, na yaliyonipata yanaweza kumpata yeyote anayeishi huku kwenye milima.

Nianze na mazuri, maana yapo. Kwenye tambarare ya Usangu, ukishapita Chimala kuelekea Igawa, gari hili ni raha tupu. Gia zinabadilika bila wewe kusikia, mafuta linakunywa kidogo kuliko gari langu la zamani lenye injini ndogo zaidi, na buti linameza mifuko sita ya mbegu bila kukunja viti. Kama ningekuwa naishi sehemu ya tambarare, pengine leo ningekuwa nalisifia tu.

Dalili ya kwanza niliiona kabla ya kilomita 2,000. Asubuhi, nikiwa napandisha kilima cha kutoka nyumbani, likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili linatetemeka mwili mzima, kama gari la gia za mkono linaloendeshwa na mtu aliyeanza kujifunza jana. Kurudi nyuma kuingia getini, ambako pana mwinuko, nikawa nasikia harufu ya klachi kuungua. Nikashangaa. Gari la otomatiki, harufu ya klachi inatoka wapi? Nikawapigia walioniuzia. Yule kijana alinijibu kwa adabu: "Dada, hiyo ni kawaida, giaboksi inajifunza uendeshaji wako. Ikifika kilomita 5,000 itatulia." Nikavumilia.

Ilipofika 5,000 haikutulia, na kilomita 6,300 ndiyo siku ya Kitonga, ule mlima wa kona kali kwenye barabara ya Dar kuja Mbeya.

Tulikuwa tunarudi kutoka Dar, mama yuko kiti cha mbele, mjukuu wake nyuma. Tumesimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu kama ilivyo desturi ya kila apitaye pale. Joto la lile bonde mnalijua. Tulipoanza kupanda tukakuta foleni ya malori: matenki ya mafuta ya kwenda Zambia, makontena, yamejipanga kona hadi kona, yanakwenda mwendo ambao mtu wa miguu angeyapita. Huwezi kulipita lori pale, barabara nyembamba na upande mmoja ni korongo. Kwa hiyo unanyata nyuma yake. Unasogea mita tano, unasimama, unasogea tena.

Baada ya kama dakika kumi gari likaanza kutetemeka, kisha kengele ikalia na dashibodi ikaandika kwamba giaboksi imepata joto kupita kiasi, nisimame mahali salama. Mahali salama Kitonga ni wapi? Kabla sijamaliza kusoma, nguvu ikakatika. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, tairi hazipokei. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili nikavuta na breki ya kuegeshea. Lori la nyuma yetu lilikuwa umbali wa hatua nane hivi. Namshukuru utingo wa lile lori mpaka leo, sikuwahi kumjua jina: aliruka chini na jiwe mkononi kabla hata sijafungua mlango, akaliweka nyuma ya tairi, akaenda kona ya chini kuwapungia wengine mkono. Tulikaa dakika ishirini na tano mpaka ule ujumbe ukazimika. Mama aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, gari jipya nalo linachoka?" Mpaka tunafika Ilula lilikuwa limesimama mara tatu.

Usiku ule sikulala. Nilikaa na simu nikasoma mpaka alfajiri nijue nimenunua kitu gani, na nitaeleza nilivyoelewa, kwa sababu hakuna aliyenieleza siku ya kununua.

Giaboksi ya otomatiki tuliyoizoea, ile ya magari mengi ya zamani, haina klachi ya msuguano kati ya injini na gia wakati wa kuondoka. Katikati kuna chombo kilichojaa mafuta, injini inayasukuma mafuta, na mafuta yanasukuma upande wa pili. Ukinyata mlimani, kinachoteleza ni mafuta, na mafuta hayo yanazunguka na kupoozwa. Giaboksi ya klachi mbili ni kitu kingine. Ndani yake ni gia za mkono kabisa, ila kazi ya mguu na mkono wako inafanywa na kompyuta. Klachi moja inashika gia za namba witiri, 1, 3, 5, 7, na nyingine inashika zile za shufwa. Gia moja ikiwa kazini, inayofuata imekwisha kuandaliwa, ndiyo maana zinabadilika haraka namna ile. Zipo ambazo klachi zake zinaogelea kwenye mafuta, na zipo ambazo ni kavu, zinapoozwa na hewa tu. Yangu ni kavu.

Sasa fikiria dereva wa gari la gia za mkono anayepanda Kitonga huku amening'iniza klachi nusu kwa dakika kumi mfululizo. Fundi yeyote wa Mbeya atakwambia klachi imekwisha. Hicho ndicho gari langu lilikuwa linafanya kila niliponyata nyuma ya lori, na mimi mguu wangu haujui, kwa sababu hakuna pedali ya kuniambia. Kuna na jambo la mwinuko. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia hewa) kama yangu inapungukiwa nguvu, kwa hiyo klachi inateleza zaidi kabla gari halijaondoka.

Nililipeleka Dar mara tatu kwa waranti, na kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwenda tu. Mara ya kwanza waliweka programu mpya. Mara ya pili walibadilisha klachi, ikakaa sawa wiki tano. Mara ya tatu walilizungusha asubuhi kwenye barabara pana, tambarare, isiyo na gari, wakaniandikia kwenye karatasi: hakuna hitilafu iliyoonekana. Ile karatasi iliniuma kuliko Kitonga. Mtu anayelijaribu gari usawa wa bahari, peke yake ndani, bila mzigo, anawezaje kuniambia mimi ninayelala na hofu ya mlima kwamba hakuna kitu?

Aliyenisaidia ni fundi mmoja wa Iyunga, mtu mzima, mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Nilimwendea nikitaka alifungue. Akakataa. "Mama, nikigusa boliti moja hapa, kesho watakwambia waranti imekufa. Acha tulisome kwanza likiwa kazini." Tukapakia mifuko ya mbolea nyuma, tukashika barabara ya Chunya, tukapanda Kawetire. Mimi naendesha, yeye ameshika mashine, mwanafunzi wake anarekodi kwa simu. Tuliondoka klachi ya kwanza ikiwa nyuzi joto 70 hivi, na kabla hatujafika nusu ya mlima ilikuwa imepita 200.

Lakini alichonionyesha hasa hakikuwa joto. Tukiwa gia ya tatu, mwendo wa 30, si wa kunyata tena, klachi ilitakiwa iwe imeshika kabisa. Ikishika, mzunguko wa injini na mzunguko wa shafti inayoingia kwenye giaboksi vinalingana. Vyetu vilikuwa vinapishana, injini inatangulia. Maana yake klachi ilikuwa inateleza hata pale isipotakiwa kuteleza. Akaniambia kuteleza wakati wa kunyata ni maumbile ya giaboksi hii, lakini kuteleza kwenye mwendo ni ugonjwa, na huenda ule mtambo mdogo wa umeme unaosukuma klachi haufiki mwisho wake. Ndiyo maana klachi mpya haikusaidia: walibadilisha kilichoungua wakaacha kinachounguza.

Huo mstari kati ya maumbile na ugonjwa ndio uliobadilisha kila kitu. Miezi yote ile mimi nilikuwa nawaambia "gari linatetemeka" na wao wananijibu "ndivyo lilivyo", na kwa sehemu walikuwa wanasema kweli. Safari hii niliwapelekea barua yenye tarehe zote, kilomita za kila tukio, nakala za karatasi zao zote tatu, usomaji wa mashine na video. Nakala nikaipeleka Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji. Ombi langu kwa kampuni lilikuwa moja: mtumeni fundi wenu apande Kitonga na mimi.

Walimtuma. Kijana msikivu, nasema kweli. Tulikutana Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, akashika usukani yeye. Kona ya nne kengele ikalia. Alizima injini, akakaa kimya kidogo, akaniambia, "Dada, pole. Nimeona." Maneno hayo niliyasubiri miezi saba.

Walibadilisha giaboksi nzima pamoja na klachi na ule mtambo wake. Kusubiri spea ilichukua wiki saba, na wiki zote hizo nilikuwa nakodi gari la kupeleka mzigo kwa pesa yangu. Hilo hawakunilipa, na naona walipaswa kunilipa.

Tangu hapo nimetembea kilomita 9,400. Kutetemeka kumekwisha. Ujumbe wa joto haujarudi hata mara moja, ingawa nami nimebadilisha uendeshaji. Nikiwa nyuma ya lori mlimani sinyati tena. Nasimama kabisa kwa breki, naliacha lori litangulie urefu wa malori mawili matatu, kisha naondoka kwa uamuzi mpaka klachi ishike, ndipo nasimama tena. Wa nyuma wanapiga honi, wacha wapige. Sishikilii gari kwenye mwinuko kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Hiyo ndiyo inayoua klachi kavu haraka kuliko kitu kingine. Na kwenye kupanda kurefu kama pale Inyala ukirudi Uyole, natumia upande wa gia za kuchagua mwenyewe, naliweka ya kwanza au ya pili, nalizuia lisihangaike kupandisha na kushusha.

Je, ningelinunua tena? Hapana. Kwa mtu wa safari ndefu za tambarare ni gari zuri na la mafuta machache. Kwa mtu wa Rungwe, Makete, Ludewa, Mbeya, anayebeba mzigo na kupanda nyuma ya malori kila wiki, ningemshauri achukue otomatiki ya kawaida ile ya mafuta katikati, au gia za mkono, au kama ni lazima iwe klachi mbili basi iwe ile inayoogelea kwenye mafuta. Na muuzaji akikwambia tu kwamba ni otomatiki, mwulize ni otomatiki ya namna gani, akuandikie. Ukiruhusiwa kulijaribu, usilijaribu barabarani kwao pale mbele ya duka. Pakia watu wanne, tafuta kilima, lisimamishe katikati, liondoshe taratibu mara kumi mfululizo, kisha vuta pua usikie kama kuna harufu ya klachi kuungua.

Mwezi uliopita tulipanda Kitonga tena na mama. Malori yalikuwepo kama kawaida, na joto lile lile. Alikuwa ameshika mkono wa mlango tangu Ruaha Mbuyuni, hakuuachia mpaka tulipoona nyumba za Ilula. Hapo akashusha pumzi, akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akauliza kama vitunguu tulivyonunua vitatosha kumgawia na jirani.

Giaboksi mpya wameipa waranti ya mwaka mmoja kwa maandishi. Mwezi mmoja kabla haijaisha, mimi na fundi wa Iyunga tutapanda Kawetire tena na mashine yake.