Sumaku ya Baba Iliumbua Chasisi

Gereji niliyowapa gari wanitengenezee, injini wameifunga vizuri, hilo nalisema mbele. Land Rover 109 ya marehemu baba, pikapu ya 1978 iliyolala Hombolo, Dodoma, miaka na miaka hadi kuku wakataga ndani, sasa inawaka mara moja hata asubuhi ya baridi ya Juni. Siku niliyoisikia ikinguruma nilitokwa na machozi. Ningeandika siku ile ningewasifu sana.

Lakini chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, jamani!

Aliyekulia na hizi gari anajua bodi yake ni aluminiamu, haishiki kutu. Baba alikuwa anatupa sumaku ya spika mbovu tuibandike mlangoni, inadondoka, tunashangaa. Chasisi ndiyo chuma, na inaoza kuanzia ndani huku nje ukiona pazima. Ndiyo maana niliwasisitiza: kateni palipooza, chomeleeni chuma kipya, hasa nyuma pale springi inaposhika. Nikalipa karibu yote. Nikakabidhiwa gari inang'aa nyeusi hadi uvunguni.

Hazikupita wiki nyingi. Msimu wa zabibu, natoka Hombolo na kreti zimejaa, mwanangu kakaa nyuma juu ya mzigo. Nikasikia kwaa! Gari ikalala upande. Nikaingia uvunguni: springi imeng'oka na kipande cha chasisi, na pale palipong'oka hakuna chuma kipya hata kidogo. Ni puti, ule uji mzito wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, na ndani ya puti gunia. Gunia la katani, limepakwa rangi juu! Nililichomoa kwa vidole.

Nikarudi gereji na sumaku ileile. Nikaipitisha kwenye chasisi mbele yao. Sehemu nne ikadondoka. Mwenye gereji hakuinuka hata kwenye kiti, anakula chipsi zake. "Kaka, hiyo gari imekuzidi umri. Ukitaka chuma kipya kanunue gari mpya. Kwani fundi ni wewe au mimi?"

Hata pole ya mtoto hakutoa.

Yule kijana wa injini namheshimu mpaka kesho, na nilikaa hapa nikitaka kuandika kwamba kwa injini nendeni tu, bodi ndiyo msiwape. Ila kila nikimkumbuka mwanangu juu ya zile kreti, nafuta. Msiende. Na kama gari yako iko kwao sasa hivi, nenda leo na sumaku, pitisha chasisi yote, kabla hujamalizia hela yao.