Kishikwambi cha inchi 10 kwa wapenzi wa tamthilia na katuni: nimekitumia Kigoma

Mwakeye watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani nina kishikwambi hiki cha inchi 10, vile vya bei ya chini ya laki tatu ambavyo vimejaa maduka ya simu hapa Mwanga. Nimekinunua kwa kazi moja tu, kufuatilia hadithi za mfululizo: tamthilia, sizoni na katuni. Sitapiga nacho picha wala sitacheza gemu. Wengi mmeniuliza kama kinafaa kwa kuangalia vitu, na mimi nataka kulijibu swali hilo kwa namna ya mtu ninayemjua mtaani kwetu. Leo anaangalia sehemu ya 14, kesho hana nafasi, keshokutwa umeme umekatika, Jumapili akirudi anataka aendelee palepale alipoishia. Je, chombo hiki kitamsaidia huyo?

Filamu unaimaliza jioni moja ukalala. Tamthilia unaishi nayo miezi. Unaenda nayo sokoni kichwani, unabishana na jirani kama yule dada atarudi kwa mumewe, unangoja. Na hapa Kigoma kila kundi lina ratiba yake ya kungoja. Nendeni mwalo wa Kibirizi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa taa hazina nguvu tena ya kuwavuta, vyombo vinapumzika, na siku hizo ndizo vijana wanamalizia sizoni zao. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mwaloni nilikuwa nakuta watu watano wamezunguka simu moja, yule wa pembeni anaangalia kwa jicho moja. Hao ndio nilikuwa nawafikiria nilipokuwa nakijaribu hiki.

Tuanze na kioo, maana hapo ndipo pesa yenu inapokwenda.

Kioo cha inchi 10.1 cha umbo hili kina urefu wa karibu sentimita 21.7 na upana wa 13.6. Kitabu cha manga, katuni za Kijapani, mara nyingi kina upana wa kama sentimita 11 na urefu wa 17 na nusu. Kwa hiyo ukisimamisha kishikwambi wima, ukurasa wa manga unaingia mzima, tena unakuwa mkubwa kuliko ulivyo kwenye karatasi. Katuni za Kimarekani ni kubwa zaidi, kama 17 kwa 26, kwa hiyo hapa zinapungua hadi karibu asilimia 80 ya ukubwa wake. Bado unasoma bila kukunja uso.

Sasa vibonzo vyetu. Walioshika magazeti kama Sani, wakacheka na akina Ndumilakuwili na Kipepe, wanajua wachoraji wetu hawaachi nafasi wazi. Kuna maneno kwenye kibao cha duka, kuna maneno kwenye fulana ya mpita njia, pembeni kuna mtu hata hahusiki na anatoa mchapo wake. Nusu ya raha iko huko pembeni. Kwenye simu ya inchi 6.5 upana wa kioo ni karibu sentimita 7 tu. Ukiuleta ukurasa mzima, hayo maneno ya pembeni huyaoni. Ukivuta kwa vidole unaona kisanduku kimoja kimoja, unasogeza kushoto, unasogeza kulia, unafika kisanduku cha nne umeshasahau cha pili kilikuwa na nani. Mchoraji aliupanga ukurasa ule uonekane kwa mara moja, na kwa kweli mtu aliyekesha akichora anastahili kazi yake ionekane hivyo.

Lakini ukubwa peke yake hautoshi. Viko vishikwambi vya inchi 10 vyenye kioo cha nukta 1280 kwa 800, na viko vya 1920 kwa 1200, na vikiwa vimezimwa huwezi kuvitofautisha. Hiki changu ni cha 1280 kwa 800. Sogeeni, nakisogeza karibu na kamera. Mnaona puto hili la maneno? Herufi hizi kubwa zimetulia, nyeusi, safi. Teremkeni hapa chini, mhusika ananong'ona, herufi zake ni ndogo. Angalieni "a" na "e" zinavyoanza kufanana. Mstari wa nywele nao umekuwa na vingazingazi. Kwa tamthilia hilo halitakusumbua kabisa, sura ya mtu inajaa kioo na unaona hata chozi. Kwa katuni litakusumbua kila ukurasa. Kama wewe ni mtu wa katuni, ongeza pesa uchukue cha 1920 kwa 1200, au shuka kwenye inchi 8. Kioo cha inchi 8 kina karibu sentimita 17.2 kwa 10.8, karibu sawasawa na kitabu chenyewe cha manga, na unakishika kwa mkono mmoja ukiwa umejilaza. Wale wa katuni za Kikorea za kuteremsha kwa kidole, zile zimepangwa kwa ajili ya simu tangu mwanzo. Simu uliyonayo inawatosha, msitoe pesa.

Jambo la pili ni kukumbuka ulipoishia, na hapa kishikwambi hiki kilinikera siku ya kwanza.

Programu ya mafaili iliyokuja ndani inapanga majina kwa herufi, haihesabu. Mafaili yakiwa yameandikwa Sehemu 1, Sehemu 2 hadi Sehemu 30, yenyewe inaweka 1, halafu 10, halafu 11, inakwenda mpaka 19, ndipo inakuja 2. Mama mkwe wangu alikuwa anangoja posa ya sehemu ya 2. Akabonyeza iliyofuata, akakuta bwana harusi yuko kaburini na mjane anagombania nyumba. Jamani, hiyo ni huzuni ya kweli. Hadithi iliyotungwa ikupeleke polepole kwenye msiba imekutupa msibani bila hodi. Dawa yake ni nyepesi: andikeni upya majina kwa tarakimu mbili, 01, 02, 03. Sizoni ikizidi sehemu 100, tarakimu tatu. Mkishafanya hivyo hata programu duni itawapangia sawa. Na kwa kuangalia wekeni VLC, ni ya bure, haina matangazo, na inakumbuka dakika uliyoachia.

Kwa katuni tafuteni programu yoyote ya kusomea inayohifadhi ukurasa, na kabla ya kuanza manga ingieni kwenye mipangilio mchague kusoma kutoka kulia kwenda kushoto. Bila hivyo mtasoma jibu kabla ya swali. Hili la kuhifadhi ukurasa msilidharau. One Piece inatoka kwenye jarida la Weekly Shōnen Jump tangu Julai 1997 na imeshapita juzuu 100. Mtu anayeianza leo ana safari ya miaka, atasimama mara nyingi njiani, na akirudi lazima akute alama yake.

Na nyumba zetu mnazijua, chombo kimoja watu sita. Hapa kwangu mama mkwe ana tamthilia yake ya Kituruki, mpwa wangu ana manga, mimi nina sizoni yangu. Vishikwambi vingi vya Android vinakubali kuwa na watumiaji zaidi ya mmoja, hiki kinakubali. Nenda kwenye mipangilio, mfumo, utaona sehemu ya watumiaji. Kila mmoja anakuwa na ukurasa wake wa mwanzo, programu zake, alama zake. Mpwa akisoma usiku hachafui orodha ya bibi yake, na bibi yake hafungui kwa bahati mbaya sehemu ambayo mwenzake bado hajafika. Mambo ya kusimuliana mwisho yamepungua sana humu ndani, na amani imeongezeka. Kumbukeni tu kwamba faili uliloweka kwa mtumiaji mmoja mwingine halioni, kwa hiyo watumiaji wawili mkihifadhi kitu kilekile, kinakula nafasi mara mbili. Cha GB 64 kikishatoa mfumo wake kinabaki na kama 48 hivi. Sehemu ya dakika 45 yenye picha ya 480p, yaani ubora wa kawaida usiofika HD, ni kama MB 200, kwa hiyo sizoni ya sehemu 20 inataka GB 4. Nafasi ipo, ila isimamieni.

Wenye kulipia programu za kuangalia, nisikilizeni vizuri hapa. Kuna kinga ya kuzuia video zisiibwe inaitwa Widevine, ina viwango, na viwili mtakavyokutana navyo zaidi ni L1, cha juu, na L3, cha chini. Vishikwambi vingi vya bei hii ni L3, na hiki ni L3. Programu kubwa za kulipia zikiona L3 zinakupa picha ya 480p, hata kama umelipia picha kali na bando lako ni nene. Duka halitakwambia. Kwenye boksi haijaandikwa. Kuna programu ndogo za bure zinazoonyesha kiwango hicho. Pakua moja palepale dukani uangalie kabla ya kutoa hela. Pia sehemu mnazopakua ndani ya programu hizo zina muda wa kuisha. Anayepanda treni kwenda Dar, kilomita zaidi ya 1,200, mtandao unakuja na kupotea, apakue siku ya safari na afungue kila sehemu sekunde chache kuhakikisha inacheza bila intaneti.

Chaji sasa. Gridi ya taifa ilifika mkoani kwetu mwaka 2022, tunashukuru, lakini umeme bado unakatika, na vijiji vingi vya kando ya ziwa vinaishi kwa sola. Betri ya hiki ni ya mAh 6000, na kwa video niliyoihifadhi ndani nimekuwa nikipata saa tano hivi mwanga ukiwa katikati. Kwenye tundu dogo la sola linalotoa ampea 1, kukijaza kunakula karibu mchana wote mzuri wa jua. Nyumba yenye paneli ndogo isiyomudu televisheni itakimudu hiki, na kwa familia ya namna hiyo mimi nakipendekeza kwa moyo wote. Bibi aliyeko kijijini anastahili tamthilia yake jioni kama wa mjini.

Juani hakifai. Nilikwenda nacho kwenye boti ya Kagunga, saa nne asubuhi nilikuwa naona uso wangu tu kwenye kioo. Manga nyeusi na nyeupe niliisoma nikijifunika kanga. Tamthilia yenye matukio ya usiku sikuambulia kitu.

Spika ni mbili, zote upande mmoja, sauti nyembamba. Kwa mazungumzo ya kawaida inatosha chumba kimoja. Kasoro inajitokeza kwenye kazi zilizotafsiriwa. Sisi tuliokulia vibanda vya video tunaupenda utafsiri wa akina Lufufu, mtafsiri anazungumza juu ya sauti ya picha yenyewe, anaongeza na yake. Ule ufundi unataka sauti mbili zitengane. Hapa zinagandana, muziki unamfunika mtafsiri, na mtafsiri akifunikwa utamu wote umekwenda. Wekeni hedifoni, au spika ndogo ya bluetooth, na mtamsikia anavyopumua kabla ya kutoa neno.

Kwa hiyo nani anunue? Mama wa tamthilia, nyumba ya sola, familia ya chombo kimoja: chukueni, pesa yenu iko salama. Msomaji wa katuni: hiki hapana, tafuta chenye 1920 kwa 1200 hata kama kimeshatumika, ilimradi betri yake imepimwa. Msafiri wa boti na treni: inchi 8.

Mkienda dukani, msiamini namba za kwenye boksi. Nimeona limeandikwa 12GB + 512GB, na ndani RAM halisi, ile kumbukumbu ya kuendeshea programu, ilikuwa GB 4 badala ya 12, iliyobaki imekopwa kwenye hifadhi ya mafaili. Na zile GB 512 zipimeni hivi: nendeni na flashi yenye sizoni mnazozijua, nakilini mafaili mengi kadiri muda unavyoruhusu, halafu fungueni lile la mwisho kuingia na lisogezeni mpaka katikati. Hifadhi ya uongo inapokea faili, inaonyesha jina, lakini ukifungua picha haichezi. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwambieni asante kwa heshima, vukeni barabara, maduka yako mengi. Waliokwishanunua wakakuta ni L1 kwa bei hii, niandikieni aina yake hapo chini, nitakitafuta nikipime video ijayo sambamba na cha inchi 8. Haya, mbaki salama.