Biblia ya maandishi makubwa niliyoinunua kwa ajili ya safari za Nansio

Nina miezi saba na Biblia hii na nimeisoma zaidi nikiwa juu ya maji. Ni Union Version, ile tafsiri ya mwaka 1952, chapa ya maandishi makubwa. Niliinunua Mwanza mjini kwa shilingi 38,000. Mfuko wa zipu nikaununua kando, 7,000.

Nauza vitenge na mashuka. Kila baada ya wiki mbili navuka Ziwa Victoria kwa feri kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, na miaka yote nilivuka nikiwa nimeng'ang'ania chuma cha benchi mpaka vidole vinakufa ganzi. Hofu ya ziwa sikusimuliwa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa na miaka 24, na mama yangu mdogo alikuwamo. Nenda Igoma, hapa Mwanza, uyaone makaburi yao. Halafu tarehe 20 Septemba 2018 ikapinduka MV Nyerere, wamebakiza kidogo tu kufika Ukara. Wateja wangu wawili walikuwa humo.

Biblia yangu ya zamani ilikuwa na herufi kama mchele uliokatika. Feri ikiyumba, mistari inaingiliana, kichefuchefu kinapanda, naifunga. Hii naisoma bila miwani, hata kule chini kwenye taa hafifu. Zaburi zimepangwa kwa mistari mifupi, jicho likipotea linarudi haraka.

Lugha yake ni ya zamani, sikatai. Wanangu nawasomea Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya lugha nyepesi, kwa sababu inaeleweka upesi. Lakini Union imenilazimisha kwenda polepole, na kwenda polepole ndiko kulikonisaidia. Marko 4:38, pale dhoruba ilipowakuta wanafunzi ziwani, inasema Yesu alikuwapo "katika shetri, amelala juu ya mto". Kitukuu wa jirani yangu aliuliza mtu analalaje juu ya mto asizame! Nikamwonyesha mto wa kitandani. Shetri nilimuuliza mzee mmoja mvuvi tuliyekaa naye benchi moja. Akanionyesha kwa kidole nyuma ya feri. Tangu siku hiyo nakaa huko nyuma.

Na hapo nikaona kitu ambacho miaka ishirini na zaidi ya kuomba sikukiona. Mimi nilikuwa naomba chombo kisiyumbe. Wale wanafunzi walikuwa naye Yesu mwenyewe ndani, na bado mawimbi yaliingia chomboni. Isaya 41:10 hapaahidi kwamba ziwa litatulia: "usiogope, kwa maana mimi ni pamoja nawe". Zaburi ya 23 nayo, bonde la uvuli wa mauti lipo palepale, mtu analipita, ila hapiti peke yake.

Swali lililokuwa likinikaba ni mama mdogo. Alikuwa mwombaji kuliko sisi sote. Je, Mungu alimwacha siku ile? Nilikuwa naogopa hata kulitamka. Sasa naamini hakumwacha, alikuwa naye mle ndani mpaka mwisho, na ninaposema hivi machozi yananitoka lakini kifua hakibani tena. Vidole navyo vimeachia chuma, vinashika kurasa.

Kasoro zipo. Ni nzito, kwenye mkoba wenye pochi na chupa ya maji bega linauma. Karatasi ni nyembamba, ukifunua kwa vidole vyenye mafuta ya samaki doa haliondoki; Zaburi yangu ya 91 ina alama ya sangara. Mfuko ndio ulioniudhi: zipu iliachia mwezi wa pili, nikaurudisha, muuzaji akasema bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Fundi wa viatu akanishonea zipu ya begi kwa 3,000 na haijasumbua mpaka leo. Ushauri wangu, nunua Biblia, mfuko mshonee mwenyewe.

Ukienda kuinunua, usiishie kutazama jalada. Fungua Zaburi 56:3 palepale dukani, isogeze mbali na taa, uone kama unaisoma. Mstari ni mfupi: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Wiki iliyopita upepo ulitukuta katikati ya maji, na binti mwenye mtoto mgongoni akaniomba nimsomee kwa sauti. Nikamwambia asogee, herufi zinatutosha wote wawili. Akausoma mwenyewe.